Msikamatwe

Oktoba 8, 2015, Michael Horn, mkuu wa Volkswagen nchini Marekani, aliketi mbele ya kamati ndogo ya Bunge mjini Washington. Aliulizwa jambo ambalo wenye magari walikuwa wakiuliza kwa wiki tatu: nani alitia ndani ya magari ya dizeli ya kampuni yake programu ya kuwadanganya wapima moshi? Horn alijibu kwamba huo haukuwa uamuzi wa kampuni. Kwa kadiri alivyojua yeye, ni wahandisi wawili watatu wa programu walioifanya kazi hiyo, kwa sababu wanazozijua wenyewe. Chris Collins, mbunge wa New York, alimwambia waziwazi kwamba haamini.

Nami siamini. Lakini ningekuwa nafundisha vijana wanaotaka kuishi kwa kuandika programu, ningewasomesha jibu lile kabla ya somo la kwanza la hesabu. Kampuni iliyowalea wahandisi wale, ikawalipa na kuwapandisha vyeo kwa karibu miaka kumi ya kazi hiyohiyo, ilihitaji siku moja tu ya mashaka kuwatoa nje na kuwaonyesha kwa kidole.

Kisa chenyewe kinaanzia Wolfsburg, Ujerumani, mwaka 2006. Volkswagen ilitaka kuuza dizeli Marekani, nchi ambako madereva wa magari madogo wamezoea petroli na wanaiona dizeli kuwa mafuta ya malori. Injini mpya ilikuwa inaundwa, jina lake EA 189, na mkakati wa mauzo ulikuwa mzuri: gari lenye nguvu, lisilokula mafuta, tena safi. Kikwazo kilikuwa sheria ya Marekani ya oksidi za naitrojeni, gesi zinazotoka kwenye bomba la moshi, zinazowasha mapafu na zikikutana na jua hugeuka ukungu mchafu juu ya miji. Kiwango cha Marekani kilikuwa kikali kuliko cha Ulaya kwa mbali.

Njia za kuzipunguza gesi hizo zilijulikana, ila kila moja ilikuwa na bei yake. Unaweza kuweka mtego wa kuzinasa ndani ya mfumo wa moshi, lakini mtego hujaa, na kuusafisha kunahitaji kuchoma mafuta ya ziada. Basi ile sifa ya gari lisilokula mafuta inapungua. Unaweza kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili joto lishuke, lakini masizi yanaongezeka na chujio linaziba mapema. Unaweza kunyunyizia urea, lakini urea inahitaji tangi lake, na watu wa mauzo hawakutaka mteja asumbuke kulijaza kati ya sevisi moja na nyingine. Bei nafuu, mafuta kidogo, moshi safi: vitu hivyo vitatu havikukubali kukaa ndani ya injini ile moja kwa wakati mmoja. Wahandisi waliliona hilo mapema. Mmoja wao, James Liang, mfanyakazi wa kampuni tangu 1983, alikuja kulikiri mahakamani: waligundua hawawezi kuunda injini itakayotimiza sheria na wakati huohuo kumvutia mnunuzi wa Marekani.

Mhandisi anapogundua hivyo, kazi yake ni kurudi kwa mkubwa na kusema haiwezekani kwa masharti haya, ongeza fedha au ongeza muda au ondoa sharti moja. Badala yake ilijitokeza njia ya nne, isiyogusa chuma hata kidogo.

Kupima moshi wa gari kwa ajili ya kibali hakufanyiki barabarani. Gari hupandishwa juu ya roli katika maabara, magurudumu yakazunguka papo hapo, na dereva akafuata ratiba ya mwendo iliyoandikwa katika kanuni: sekunde hii kasi hii, sekunde ile kasi ile. Ratiba hiyo ni ya wazi, kila mtengeneza magari anayo. Kompyuta ya injini, iliyotengenezwa na Bosch, inajua kasi, muda na umbali. Kwa hiyo inatosha kuiandikia masharti machache: ikiwa umbali uliokwenda unalingana na ule wa ratiba ya kipimo, dakika baada ya dakika, basi gari liko maabara, safisha moshi kwa nguvu zote. Usipolingana, gari liko barabarani. Punguza usafishaji, linda chujio, okoa urea.

Hila hiyo haikuzaliwa siku ile. Audi, ndugu wa Volkswagen, ilikuwa na hila inayofanana nayo kwa injini kubwa za dizeli za Ulaya. Walitaka kuituliza kelele ya injini baridi kwa kupuliza mafuta zaidi, jambo lililochafua moshi, basi wakafanya upulizaji huo uzime wenyewe wakati wa kipimo. Waliiita mfumo wa sauti. Miaka baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walipozifungua programu za injini hizo mstari kwa mstari, waliyakuta masharti yenyewe. Walipitia matoleo kama 900 ya programu, wakaikuta hila katika zaidi ya 400. Msimbo hauna aibu wala woga. Ulikaa palepale ulipoandikwa, ukimsubiri yeyote atakayekuja kuusoma.

Sasa tufike kwenye mkutano. Maelezo haya yamo katika taarifa ya ukweli ambayo Volkswagen yenyewe iliikubali mbele ya mahakama ya Detroit mwaka 2017. Mwishoni mwa 2006 baadhi ya wafanyakazi walipinga. Walikaa na msimamizi wao wa uendelezaji wa injini, wakaeleza hila ni nini na kwa nini haifai. Msimamizi aliwasikiliza, akaamua kazi iendelee, kisha akawapa agizo ambalo kwa kiini chake lilikuwa neno moja: msikamatwe.

Agizo hilo linanishughulisha kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa. Mkubwa anayeamini kwamba jambo ni halali hasemi msikamatwe. Anasema nendeni mkafanye. Aliyeambiwa msikamatwe ameshaambiwa kila kitu: kwamba ni kosa, kwamba mkubwa anajua ni kosa, na kwamba siku likifichuka atakayekamatwa ni yeye. Watu waliotoka chumba kile hawakuwa wajinga wala majambazi. Walikuwa na shahada, nyumba, watoto shuleni, na dhamiri iliyowatosha kuinua mkono na kuuliza. Walipojibiwa, wakarudi mezani kwao wakaandika.

Kuuliza mara moja ni hatari ya pekee kwa mtu mwema. Kunampa hisia kwamba amekwisha kutimiza wajibu: nilisema, hawakunisikia, lawama imewaendea wao. Baada ya hapo anafanya kazi ileile kwa moyo mwepesi zaidi ya yule ambaye hakuuliza kabisa.

Mwaka 2008 magari yakaanza kuuzwa Marekani kwa jina la dizeli safi, na Liang akahamia California kusaidia. Yeye na wenzake walikutana na maofisa wa serikali wanaotoa vibali, wale wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, na wale wa bodi ya hewa ya California, wakaeleza jinsi magari yanavyotimiza sheria. Walijua hayatimizi. Kutoka kuandika mistari kwenye kompyuta mpaka kumtazama ofisa usoni na kumdanganya ni safari ya miaka miwili tu, na hakuna siku ndani ya miaka hiyo ambayo mtu angeweza kusema leo ndiyo nimevuka.

Halafu ukaja mwaka 2012, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye funzo lenyewe kwa fundi.

Magari yaliyokwishauzwa yakaanza kurudi gereji na vipuri vilivyoharibika katika mfumo wa moshi. Wahandisi wakachunguza kama mafundi wazuri wanavyochunguza, wakafika kwenye jibu. Magari yalikuwa yakiwaka katika hali ya maabara, kisha yakahamia hali ya barabara baada ya kujiridhisha hayapimwi. Wakashuku kwamba mengine yalikuwa yanakaa mno katika hali ya maabara, yaani yalikuwa yanasafisha moshi wake kama sheria inavyotaka, na vipuri havikuundwa kuvumilia kazi hiyo. Kwa maneno mengine, gari lilikuwa linaharibika kwa sababu lilikuwa linasema kweli kupita kiasi.

Julai mwaka huo wahandisi wakakutana na wakubwa wao, wakaonyesha hati inayoeleza hila inavyofanya kazi na tatizo liko wapi. Hapo palikuwa na fursa ambayo haikuwepo 2006: sasa kulikuwa na hasara ya fedha, malalamiko ya wateja, sababu ya kibiashara kabisa ya kusema tuiondoe hila na tutengeneze injini upya. Kwa mujibu wa taarifa ile ile ya mahakama, wakubwa waliwahimiza kuendelea kuficha, wakawaagiza waiharibu hati. Nao wahandisi wakairekebisha hila. Waliipindua: gari liwake katika hali ya barabara, lihamie hali ya maabara pale tu litakapotambua kipimo. Na ili litambue vizuri zaidi, wakaongeza kipengele cha usukani, kwa kuwa gari lililo juu ya roli huzungusha magurudumu bila usukani kugeuka.

Ni ufundi mzuri sana. Nasema hivyo bila kejeli. Yeyote aliyewahi kukesha akitafuta hitilafu anaijua raha ya kuipata, na raha ya kuona suluhisho fupi lisilogusa kitu kingine. Raha hiyo haiulizi unatengeneza nini. Anayetaka kukutumia hahitaji kukupa rushwa. Akupe tatizo gumu tu, akuache nalo. Wahandisi wa 2012 hawakuwa wakitetea uovu fulani mioyoni mwao. Walikuwa wakifunga tatizo lililofunguliwa, na tatizo lilikuwa kwamba uongo una hitilafu.

Baadhi ya maboresho hayo yaliingizwa katika magari ya watu waliokuja gereji wakidhani wanatengenezewa.

Waliofichua hawakuwa wapelelezi. Mwaka 2013 kikundi kidogo cha watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, kwa fedha za baraza la kimataifa la usafiri safi, kilifunga vipimo nyuma ya magari matatu ya dizeli, Jetta na Passat za Volkswagen na BMW moja, na kwenda nayo barabarani. Passat ilienda Los Angeles mpaka Seattle na kurudi. Walitarajia kuonyesha Ulaya kwamba dizeli inaweza kuwa safi. Walichopata ni Jetta inayotoa oksidi za naitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango, na Passat mara 5 hadi 20, ilhali gari la tatu, BMW, lilikuwa ndani ya kiwango katika sehemu kubwa ya safari zake. Ripoti ilipotoka Mei 2014, Volkswagen haikukiri. Desemba iliita magari karibu 500,000 yarudi kwa sasisho la programu, ikawaambia maofisa wa California kuwa tatizo litakwisha. Maofisa wakayapima tena mwaka uliofuata. Halikuwa limekwisha.

Septemba 18, 2015, EPA ilitoa notisi ya kuvunjwa kwa sheria. Siku chache baadaye kampuni ikakubali kwamba magari yenye programu ile ni milioni 11 duniani, na mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, akajiuzulu. Gharama ya faini, fidia na kesi imepita euro bilioni 30. Watafiti wa MIT na Harvard walikadiria kwamba moshi wa ziada wa magari ya Marekani peke yake ulisababisha vifo vya mapema vya watu 59. Kazi nyingine ya MIT ilikadiria vifo 1,200 Ulaya kutokana na magari yaliyouzwa Ujerumani. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao ambaye jina lake linaweza kuandikwa. Moshi hauachi sahihi, na hilo ndilo linalomfanya mwandishi wa programu alale usingizi.

Liang alikiri kosa Septemba 2016 na akashirikiana na waendesha mashtaka. Walimwombea kifungo cha miaka 3. Agosti 25, 2017, Jaji Sean Cox alimpa miezi 40 na faini ya dola 200,000, akaongeza juu ya walichoomba. Wakili wake alikuwa amemtetea kwa kusema mteja wake hakufanya kwa uroho. Aliongozwa na utii kwa mwajiri uliomfumba macho. Oliver Schmidt, meneja aliyekamatwa uwanja wa ndege wa Miami akiwa njiani kurudi kwao kutoka likizo, alipewa miaka 7. Winterkorn alishtakiwa Marekani mwaka 2018, lakini Ujerumani haiwapeleki raia wake Marekani. Kesi yake nyumbani ilianza Septemba 2024 ikasimama kwa sababu ya afya, naye amekanusha makosa. Rupert Stadler, aliyekuwa mkuu wa Audi, alipata kifungo cha nje mwaka 2023. Mei 2025 mahakama ya Braunschweig iliwatia hatiani wanne wengine. Wawili ndio waliopewa jela.

Mtu atasema hiyo si haki, wadogo wamebeba na wakubwa wameponyoka. Ni kweli kwa sehemu. Liang na Schmidt walifungwa miaka mingi kwa sababu walikuwa juu ya ardhi ya Marekani, zaidi ya kwa sababu walikuwa waovu kuliko wengine. Lakini ubaguzi huo wa hatima haumsafishi aliyekamatwa. Unamwonyesha tu fundi anayesubiri mkubwa amkinge kwamba kinga hiyo haikuwepo.

Waswahili tunasema mjumbe hauawi, na hii ndiyo ngao ya kwanza anayoikimbilia mwandishi wa programu: mimi nimetumwa. Methali inamlinda mtu anayebeba maneno ya mwingine, pengine katika barua iliyofungwa asiyojua ndani yake kuna nini. Mwandishi wa programu hakuibeba barua, ameiandika. Hakuna mkurugenzi wa Volkswagen aliyekesha akitunga masharti ya umbali na usukani. Wakubwa walikuwa na matakwa tu, tena matakwa yasiyowezekana, na yangebaki hivyo kama asingetokea mtu mwenye ujuzi wa kuyageuza kuwa kitu kinachofanya kazi katika magari milioni 11. Ujuzi huo ndio uliomfanya alipwe vizuri. Haiwezekani uwe mkubwa siku ya mshahara na mdogo siku ya hukumu.

Kwetu hakuna viwanda vya kubuni injini, na pengine msomaji ameshaanza kudhani habari hii ni ya Wazungu na magari yao. Basi achukue simu yake. Kwa miaka kadhaa sasa Tanzania na Kenya zimejaa programu za kukopesha fedha, zile ambazo Watanzania wameziweka katika kundi la mikopo ya kausha damu. Unaipakua, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi, unabonyeza ruhusu kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, na fedha zinaingia. Ukichelewa siku tatu, ujumbe unamfikia mama mkwe, mwajiri, mwekahazina wa kikoba, hata fundi bomba uliyempigia mara moja mwaka juzi: mtu huyu ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Watu wameaibishwa mbele ya kanisa zima na msikiti mzima kwa deni la shilingi elfu thelathini.

Kenya ilibadilisha sheria ya Benki Kuu Desemba 2021 na kutoa kanuni mwaka uliofuata, zinazomkataza mkopeshaji kutisha watu na kuwasumbua walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa. Google ikapiga marufuku programu za mikopo kusoma majina na picha za simu kuanzia Mei 31, 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hizo ziliwalenga wenye biashara. Vijana waliokaa Nairobi, Dar es Salaam au kwingineko wakaziandika hawatajwi popote.

Tuseme mmoja wao anapewa kazi Jumatatu asubuhi. Kazi haisemi aibisha wajane. Inasema: nusu ya ujumbe haifiki, tafuta sababu. Anatafuta, anaona kwamba namba nyingi zimehifadhiwa kwa kuanzia sifuri na mfumo unazitaka zianze na +255. Anaandika mistari minane ya kuzinyoosha. Jioni ujumbe unafika wote, meneja anamsifu mbele ya wenzake, na katika nyumba ambazo hatazijua, simu za mashangazi na wakuu wa kazi zinaanza kulia. Kati ya mistari yake minane na usukani wa Wolfsburg sioni tofauti isipokuwa ya mshahara.

Sitajifanya sijui hali ya soko la kazi. Kijana aliyemaliza chuo, akazunguka na vyeti miaka miwili, akapata ajira ya kwanza katika kampuni ya mikopo, na nyumbani wadogo zake wanasubiri M-Pesa yake kila mwisho wa mwezi: kumwambia aache kazi kesho ni maneno ya mtu aliyeshiba. Lakini kati ya kuacha kazi na kuandika chochote unachoambiwa kuna nafasi pana kuliko watu wanavyodhani. Unaweza kuomba agizo kwa maandishi. Maagizo mengi machafu hufa papo hapo, kwa kuwa hakuna anayetaka kuyatia sahihi. Unaweza kuuliza mara ya pili, na safari hii mbele ya mwanasheria wa kampuni. Unaweza kusema kazi hii apewe mwingine, ukakubali kuonekana mkaidi. Unaweza kukataa kwenda kwenye kikao cha mdhibiti kusema usichokiamini. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Ni wangapi katika vyuo vyetu vya kompyuta wamewahi kuisikia? Na bei ya kila hatua hiyo hupanda kadiri siku zinavyokwenda. Mwaka 2006 bei ya kukataa Wolfsburg ilikuwa kukosa cheo, pengine kuhamishiwa idara nyingine. Mwaka 2012 ilikuwa kukiri miaka minne ya uongo kwa serikali. Mwaka 2015 ilikuwa jela.

Hata hivyo kulikuwa na mmoja aliyekuwa tayari kuilipa bei hiyo ilipokuwa kubwa kabisa. Mwaka 2015 maofisa wa California na EPA walitishia kutotoa vibali kwa magari ya mwaka uliofuata mpaka waelezwe kwa nini moshi wa barabarani haufanani na wa maabara. Kampuni iliwaandaa wafanyakazi wake kwa majibu ya kuzungusha: hali ya hewa, tofauti za upimaji, mambo ya kiufundi yasiyokwisha. Agosti 19, katika kikao na bodi ya hewa mjini El Monte, mfanyakazi mmoja wa Volkswagen, kinyume na maagizo ya wakubwa wake, aliwaeleza maofisa kwamba baadhi ya magari yana namna mbili za kusafisha moshi, moja ya kipimo na moja ya barabara. Mwaka mzima na zaidi wa kupima na kupima tena ulipata jibu katika mazungumzo ya mtu na mtu. Siku nane baadaye, huko Ujerumani, mwanasheria wa ndani ya kampuni aliwadokeza wahandisi kwamba amri ya kuhifadhi nyaraka inakuja, na baadhi yao wakaanza kufuta mafaili. Septemba 3 kampuni ilikiri rasmi kwa maofisa walewale.